Nilimnyima Askari, Nikampa Kaka

Watu wakinisifu kwamba niliwahi kumkatalia askari wa Mwingereza huku namtazama usoni, huwa nanyamaza. Wanadhani ni unyenyekevu. Mimi unyenyekevu sina, waulize wote walioishi nami. Nanyamaza kwa sababu wanaposifu huwa wamefika katikati tu ya habari yenyewe, na iliyobaki hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nilikuwa naishi kijiji kimoja upande wa Momba, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Tunduma ukishika njia ya Ndalambo. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza, ingawa sisi hatukujua kwamba ni ya mwisho. Wanaume wetu walikuwa ng'ambo ya mpaka kwenye migodi ya shaba, na wake zao walibaki na majembe. Mume wangu naye alikwenda. Mwaka wa kwanza aliandika mara mbili, mwaka wa pili mara moja, kisha kimya. Hakufa, la. Waliorudi walisema wamemwona, amenenepa, anavaa kofia. Mtoto hatukujaliwa. Nikabaki na nyumba ya vyumba viwili, kuku wachache, na elimu yangu ya misheni.

Elimu hiyo ndiyo iliyoniletea watu mlangoni. Wanawake wa pale hawakujua kusoma, na barua, au kalata kama walivyosema waliotoka migodini, zilikuwa zinafika kila lori lilipotoka Tunduma. Mtu akipata barua anakuja kwangu na unga wa ulezi kwenye kisonzo, kile kikapu kidogo, tunakaa nyuma ya nyumba, namsomea mara mbili. Mara ya kwanza analia, mara ya pili anasikiliza. Nimesoma maneno "mke wangu mpendwa" mara nyingi kuliko mwanamke yeyote wa nchi ile, na hata mara moja hayakuwa yangu. Ukisoma maneno kama hayo kwa sauti yako mwenyewe kisha mwenye barua akaikunja na kuondoka nayo, nyumba inapoa kabisa. Sisemi ili nihurumiwe, ndivyo ilivyokuwa.

Kuandika ndiko kulikokuwa na kazi. Mwanamke anaanza kwa salamu za ng'ombe na wajomba, anafika katikati anakasirika, anamtukana mume, kisha anasema, "Hebu futa hapo." Karatasi nzuri na wino vilitoka dukani Tunduma, huwezi kuvichezea. Kwa hiyo nilikuwa na daftari langu la jalada jeusi. Kwanza naandika kwa penseli humo, namsomea, anarekebisha, anaongeza, anapunguza. Akiridhika ndipo nanakili kwa wino kwenye karatasi safi. Barua inakwenda zake, na ya penseli inabaki daftarini. Kuifuta sikuifuta, maana mara nyingi mtu alirudi baada ya miezi akiuliza, "Mwalimu, nilimwambiaje vile kuhusu lile shamba?" Waliniita mwalimu, mimi ambaye sikuwahi kufundisha hata kuku.

Aliyenizoea kuliko wote alikuwa jirani yangu. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na kijinjia tu. Alikuwa mfupi, mcheshi, mwenye kicheko cha kukuamsha usingizini, na mumewe alikuwa anaandika kila mwezi bila kukosa. Moto wangu ukizimika nachukua kaa kwake. Mboga zikinishinda kumaliza peke yangu nampelekea. Siku nikiwa nimenuna, na mimi nanuna sana, anakuja kukaa mlangoni anasema, "Leo mwalimu amemeza chura." Nitafanyaje kama si kucheka? Kwa kweli, katika miaka ile, yeye ndiye aliyenifanya nisisahau sauti yangu.

Sasa siasa ikaingia. Kaka yangu mkubwa, tuliyezaliwa naye tumbo moja, alirudi kutoka Mbozi na kadi ya chama mfukoni, akawa katibu wa tawi letu. Alikuwa na sauti nzuri na alijua kupanga maneno. Mikutano ilitakiwa kuombewa kibali bomani, kibali kikakataliwa, basi tukawa tunakutana kama watu wanaokwenda kuwapa pole wafiwa. Nilichukua kadi. Niliifunga kwenye kitambaa nikaivaa kiunoni chini ya kaniki. Msinicheke, niliona sasa na mimi nina watu wangu.

Ndipo akaja yule askari kanzu. Alijifanya mnunuzi wa kuku, lakini mnunuzi gani wa kuku anavaa viatu vinavyong'aa vile kwenye vumbi letu? Watoto walimjua kabla hajafika kisimani. Alizunguka siku mbili akiuliza bei bila kununua hata yai, siku ya tatu akafika kwangu. Akaketi, akavua kofia, akasema kwa upole kabisa kwamba Serikali inataka kujua maneno gani yanatoka kwa wale wa migodini, kwa maana huko kuna wachochezi, na kwamba amesikia mimi ninalo daftari.

"Daftari lipi?" nikamuuliza.

"Mama, usinisumbue. La barua."

"Nililiwashia moto. Kuni zilikuwa mbichi."

Alisimama akapekua ndani. Alipindua mkeka, akafungua chungu kimoja kimoja, akatikisa Biblia yangu. Daftari lilikuwa ndani ya kihenge, chini ya ulezi. Akaniambia naweza kupelekwa Mbeya nikahojiwe huko. Lakini nikikasirika mdomo wangu hauniogopi hata mimi. Nikamwambia barua ya mtu ni mtu mwenyewe, na kama anataka kuvua watu nguo aanze na mamake. Ala! Aliondoka bila kuaga.

Habari ilienea hadi Tunduma. Kaka alinisimamisha mbele ya wanachama, akasema, "Mwanamke huyu amekataa kumuuzia mkoloni siri za watu." Walipiga makofi, wengine vigelegele. Nilikuwa sijapigiwa makofi tangu nizaliwe. Jirani yangu hakuwa mwanachama, lakini jioni ile alikuja na kibuyu cha togwa, akanikumbatia, akasema, "Umenilinda, mwenzangu." Maneno hayo yalinikaa kuliko makofi yote.

Aliyenipinga ni mmoja, mzee wa kanisa, mtu wa chifu damudamu. Alinisubiri baada ya ibada akaniambia kwamba Serikali imewekwa na Mungu, na mtu asiye na ubaya hana sababu ya kuficha daftari. Nilimwona mjinga na kibaraka. Nilimwambia, "Basi kaanze wewe kumsomea askari barua za binti yako." Akatikisa kichwa akaenda zake.

Ukapita mwaka na kitu. Mambo yakageuka upesi. Chama kikapata nguvu, watu waliokuwa wanaficha kadi wakaanza kuzivaa kifuani, na chifu akawa anasalimiwa kwa mbali. Kaka alikuwa hatembei tena peke yake, alikuwa na vijana wawili watatu nyuma yake. Kibali kikatoka, mikutano ikawa ya mchana kweupe. Tulikuwa na furaha, lazima niseme, na furaha ile haikuwa ya uongo.

Katika kipindi hichohicho jirani yangu alikuja kuandika. Mumewe alikuwa amemwuliza kama amechukua kadi, maana yeye huko migodini alisikia kwamba wake wa wenzake wamechukua. Akanisemea, nikaandika kwa penseli: "Kadi sijachukua. Hawa wa chama wana kelele nyingi. Mtoto alipougua wewe ukiwa huko, mke wa chifu ndiye aliyeketi nami kitandani siku nne na kunipa dawa, wala hakuniuliza niko upande gani. Siwezi kusimama mkutanoni nikasikia mume wake anatukanwa nikapiga makofi."

Mkono wangu ulisimama. Nikamwambia, "Hayo usiyaandike."

"Kwa nini nisiyaandike? Namwambia mume wangu, siambii kijiji."

"Haya," nikasema, nikaandika. Moyoni nilichukia kidogo. Nilijiuliza, kwani mimi mwenye makofi yale ni mpumbavu?

Jumapili moja, baada ya kanisa, kaka alikuja peke yake. Nilimpa kigoda, nikamwekea chai na viazi. Akazungumza habari za mvua, za shangazi yetu, kisha akasema, "Mdogo wangu, lile daftari bado lipo?"

Nikamwambia lipo.

"Tumebakiza hatua ndogo. Lakini kuna watu wanakula nasi na kulala na chifu. Tawi linataka kujua nani ni nani. Hatumdhuru mtu. Kujua tu."

Nimeirudia saa ile miaka mingi sana. Natamani niseme alinitisha, au alilichukua kwa nguvu, au nilikuwa mgonjwa. Hapana. Niliinuka mwenyewe, nikaingia ndani, nikachimba kwenye ulezi kwa mkono wangu, nikapangusa jalada kwa kanga, nikampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mkubwa. Hata kumuuliza "kwa nini" sikumuuliza. Askari alipoomba niliona mwizi mbele yangu. Kaka alipoomba niliona ulinzi. Daftari lilikuwa lilelile, penseli ileile, siri zilezile za watu walewale. Kilichobadilika ni mdomo ulioomba, na mdomo huo ulikuwa wa kwetu. Nikaongeza na chai.

Alilirudisha baada ya siku tatu. Akasema, "Ahsante, umesaidia taifa." Nililiweka mahali pake, nikalala vizuri. Naam, nililala.

Mzee wa kanisa alinijia wiki hiyohiyo. Alikuwa amesikia kwamba daftari limekwenda tawini, na humo mlikuwa na barua zake mbili alizomwandikia binti yake, maana macho yalikuwa yameshaanza kumwacha. Alisimama uani ameshika kofia kifuani. "Mwanangu," akasema, "siri ya mtu inapewaje watu?" Yeye, ndiye aliyenihubiria kwamba asiye na ubaya hafichi! Nilifurahi kumwona hivyo. Nikamjibu maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, kwamba asiye na ubaya hana sababu ya kuficha. Aliniangalia muda mrefu. Nadhani tulionana vizuri siku ile, kila mmoja akiwa amevaa koti la mwenzake, lakini mimi ndiye niliyecheka.

Mvua za kwanza zikanyesha. Kwetu, mwanamke ambaye mume yuko mbali hawezi kulima shamba zima peke yake, basi anapika pombe. Anaotesha ulezi kuwa kimea, anaukausha, anausaga, anapika, anasubiri ichachuke, na anatangaza siku. Majirani wanakuja alfajiri na majembe, wanajipanga mstari, wanaimba, na jua likifika utosini shamba limekwisha na watu wanakunywa. Haitangazwi mara mbili, kwa sababu pombe haisubiri; kesho yake imeharibika. Na shamba la jirani yangu lilikuwa na macho ya watu. Shemeji zake walikuwa wamekwisha sema kwamba mwaka huu likibaki pori, watalichukua, maana kaka yao amehamia kwa Wazungu wa shaba na mkewe hana mtoto wa kiume. Yule mtoto aliyeugua alikuwa binti, na baadaye alifariki. Kwa hiyo shamba lile kwake lilikuwa mume, mtoto na kwao, vyote mahali pamoja.

Alipika mitungi minne. Alikuja kuniita mwenyewe, akicheka, "Mwalimu, njoo na jembe, usije na penseli." Hakujua kitu bado.

Siku mbili kabla, kisimani, nilisikia wanawake wakinong'ona kwamba tawi limesema wasioko nasi tusiwabebe. Nikajiambia hawamsemi yeye. Halafu nikajiambia kama wanamsema yeye, watu watakwenda tu, nani ataacha pombe ya ulezi? Hivyo ndivyo nilivyojidanganya hadi siku yenyewe.

Asubuhi ile niliamka mapema nikakaa mlangoni na jembe magotini. Nilitaka nisiwe wa kwanza. Nilisema nikiona wawili wanapita nitatoka. Hakupita mtu. Moshi ulikuwa unatoka kwenye nyumba zote, watu wapo, wanakohoa, wanafukuza kuku, na njia nyeupe kabisa. Jua likapanda. Nilipotoka ilikuwa imeshafika saa tatu.

Nilimkuta shambani peke yake. Alikuwa amelima kipande cha kama ukumbi wa nyumba, kanga imelowa mgongoni. Mitungi yote minne ilikuwa kivulini imefunikwa majani ya mgomba, na kata mpya tano zimepangwa juu yake. Hakuinua uso. Nikaingia mstari pembeni yake, nikalima. Mimi nilikuwa nasikiliza njia, nikitegemea kusikia nyimbo, na najua na yeye alikuwa anasikiliza. Mtu mmoja alipita kwa mbali, akaona, akageuza shingo, akaongeza mwendo. Kufika adhuhuri tulikuwa hatujafika hata robo, na viganja vyangu vimetoka damu.

Tukakaa kivulini. Akanichotea kata ya kwanza, kama anavyochotewa aliyelima. Akasema taratibu, "Kaka yako alinikuta juzi njiani na vijana wake. Akaniambia, yule mke wa chifu aliyekukalia kitandani siku nne, mwite aje akulimie."

Nikaiweka kata chini.

"Siku nne. Hilo nilimwambia mume wangu tu. Na wewe."

Nilitaka kusema kwamba aliniomba, kwamba ni kaka yangu, kwamba alisema hawamdhuru mtu. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililotoka. Nikasema, "Nilimpa."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepewa bei aliyokwisha kuisikia. Halafu akaniuliza, bila ukali wowote, "Yule askari wa viatu, angerudi akakuomba tena, ungempa?"

"Kamwe! Ningekufa kwanza."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nasema, ingekuwa heri kwangu aje yeye."

Akainuka. Akachukua mtungi mmoja baada ya mwingine akamimina pombe yote kwenye matuta tuliyolima, pole pole, bila kumwaga nje. Povu likakaa juu ya udongo kidogo kisha likazama. Nilimwambia aniachie nimsaidie kubeba mitungi, akasema ameshasaidiwa ya kutosha. Sikumsikia akicheka tena tangu siku hiyo.

Hazikupita wiki tatu akavuka mpaka kumfuata mumewe. Nilimwomba nimsindikize hata hadi Tunduma, akakataa, akaondoka na mpwa wake aliyekuwa anarudi migodini. Hakunisema vibaya kwa mtu, hilo najua. Hakukuwa na haja. Wanawake waliacha kuja mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake nzuri: mara mume hajaandika, mara mtoto anaumwa, mara nitakuja kesho. Barua walikuwa wanampelekea mzee wa kanisa, yule mwenye macho mabovu, anazishika puani ili aone. Nilipouliza kwa nini, mmoja aliniambia ukweli: mzee huyo sasa hana wa kumwambia. Mimi nilikaa nyuma ya nyumba mahali petu pa kusomea, nikisikia kuku tu. Siku nyingine nilizungumza kwa sauti, ili nisikie kama bado ninayo.

Tawi halikuniacha, msidhani. Walinipenda sana. Shemeji za jirani yangu walipolichukua lile shamba hawakuwa na nguvu ya kulilima, na msimu uliofuata kaka alizungumza nao, akanijia akasema tawi limeona nipewe mimi, kwa kazi niliyofanya. Ningeweza kukataa. Nilikuwa najua maneno ya kukataa, niliyasema vizuri mbele ya askari. Lakini waliosema safari hii walikuwa wa kwetu, na mimi sikuwa na mtu mwingine tena.

Nikapika pombe, mitungi minne. Walikuja alfajiri wote, wanaume, wanawake, vijana wa kaka mbele, majembe begani. Walijipanga kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho wake, wakaimba nyimbo za chama, na jua halijafika utosini walikuwa wamemaliza. Wakakaa kivulini, wakaniita jina zuri, wakanyoosha mikono. Nikapita kwa kila mmoja, nikawachotea.